Tivi ya inchi ngapi kwa chumba cha futi kumi?

Hakuna tivi mbaya Luthuli. Ingia duka lolote kati ya yale yaliyobanana kwenye barabara hiyo ya katikati ya Nairobi, iliyopewa jina la Chifu Albert Luthuli wa Afrika Kusini, mshindi wa Nobeli ya Amani ya mwaka 1960, na utakuta ukuta mzima wa vioo vinavyometameta: kasuku wa kila rangi, samaki wa baharini, machungwa yanayopasuliwa polepole hadi mate yakujae mdomoni. Picha hizo huchezwa kutoka kwenye fleshi. Zilipigwa kwa kamera ghali, na tivi zenyewe zimewekwa mwanga na rangi ya juu kabisa ili zishindane na taa za dukani. Ukiibeba moja hadi Umoja au Kayole, ukachomeka eriali na kufungua taarifa ya habari ya saa moja jioni, unaanza kujiuliza kama hukubadilishiwa mzigo njiani.

Hukubadilishiwa. Ulinunua picha ya fleshi, na nyumbani kwako fleshi ile haipo. Nyumbani kuna chumba cha kipimo fulani, mawimbi ya aina fulani na stima yenye tabia zake. Hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua utakachokiona, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa kwenye boksi.

Anza na futi kabla ya inchi. Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, si mtaa mmoja. Kuna nyumba za Kaloleni zilizojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika waliofanya kazi mjini. Kuna Buruburu, iliyoanza kujengwa miaka ya 1970 ikiwa na sebule ya kukaa mwenye nyumba na wageni wake. Kuna Umoja na Dandora za muongo huohuo, kisha kuna maghorofa ya Pipeline na Tassia, ambako chumba kimoja cha kupanga mara nyingi ni futi kumi kwa kumi, yaani mita tatu na kidogo kila upande. Ndani ya mita hizo tatu mna kitanda, kiti, pazia la kuficha jiko na meza ya tivi. Toa hayo yote, na macho yako yanabaki mita mbili kutoka kwenye kioo, au mbili na nusu ukiegemea ukuta.

Inchi za tivi hupimwa kwa mshazari, kona hadi kona. Ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 hivi, ya 43 ina sentimita 95, na ya 55 inapita sentimita 120. Juu ya kioo hicho ndipo hupangwa vitone vya picha, wenyewe huviita pikseli. Tivi ndogo za HD kwa kawaida zina vitone 1366 kwa 768. Full HD ina 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili. Ya 4K ina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane, na muuzaji atakutajia hiyo milioni nane kama aliyezihesabu mwenyewe.

Asichokwambia ni kwamba jicho nalo lina kikomo. Kwenye tivi ya inchi 43 ya Full HD, kila kitone kina upana wa karibu nusu milimita. Ukikaa mbali na kioo kupita mita 1.7 hivi, jicho zima la kawaida haliwezi tena kutenganisha kitone kimoja na jirani yake. Ukivizidisha vitone hivyo mara nne, umelipia kitu usichokiona. Hata kwa inchi 55 ya Full HD, kikomo hicho ni kama mita 2.2. Yaani mpangaji wa Pipeline anayetazama akiwa ameegemea ukuta hawezi kuitofautisha 4K na Full HD kwa hesabu ya vitone peke yake, hata muuzaji aape kwa jina la mamaye.

Kwa chumba kimoja, basi, inchi 32 inatosha na 43 ni anasa inayosameheka. Kwa sebule ya Buruburu, Donholm au Komarock, 43 hadi 50 hukaa vizuri. Inchi 55 inahitaji nafasi ya kurudi nyuma. Usisahau kupima meza pia: tivi nyingi za siku hizi zina miguu miwili iliyowekwa mwisho kabisa wa kila upande, na wengi hufika nyumbani na 43 yao wakagundua mguu mmoja unaning'inia hewani. Kuitundika ukutani ni jambo jingine, kwa sababu kuna kina landilodi ambao kwao tundu moja la drili ni deposti nzima imekwenda. Dirisha nalo liangalie. Nyumba za chini za Pipeline, ambako ghorofa limemwegemea mwenzake, hazina jua la kusumbua kioo. Nyumba ya kona kule Umoja yenye dirisha la magharibi itataka tivi yenye mwanga wa kutosha, ama pazia zito, na pazia ni rahisi zaidi.

Tukija kwenye mawimbi, kuna historia kidogo. Wazee wa Eastlands wanaikumbuka Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, iliyokubali kuwaka kwa betri ya gari na kumfanya mwenye nyumba kuwa mtu mashuhuri wa ploti. Wakati huo kituo kilikuwa kimoja, Sauti ya Kenya iliyokuja kurudia jina la KBC, hadi KTN ilipoingia hewani mwaka 1990. Mtoto mmoja alikaa juu ya paa akizungusha eriali, mwingine mlangoni akipeleka habari: imeshika, imepotea, rudisha kidogo. Enzi hiyo ilizikwa Februari 2015, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima mitambo ya analogi jijini. Citizen, NTV na KTN, ambazo wamiliki wake walikuwa wamepambana na serikali hadi Mahakama ya Juu, zilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Watu walikimbilia ving'amuzi, na kwa muda dekoda ikawa bidhaa moto kuliko tivi yenyewe.

Mfumo ambao Kenya iliuchukua unaitwa DVB-T2. Liandike jina hilo mahali, maana ndilo la kutafuta kwenye boksi. Tivi iliyo nayo hushika vituo vya bure kwa eriali tu, bila king'amuzi na bila malipo ya mwezi. Wauzaji huiita tivi ya dijitali. Isiyo nayo itakulazimu kununua kisanduku kingine, rimoti ya pili na soketi ya ziada.

Sasa sikiliza hesabu hii, kwa sababu kwangu ndiyo kiini cha mambo. Vituo vyetu vingi vya bure bado hurushwa katika ubora wa kawaida, wa vitone 720 kwa 576. Zidisha, unapata 414,720. Full HD ina vitone mara tano ya hivyo. Ya 4K ina mara ishirini. Kwa hiyo unapotazama habari kwenye tivi ya 4K, katika kila vitone ishirini kituo kimeleta kimoja, na kumi na tisa vimebuniwa na mashine iliyo ndani ya tivi yako. Tivi ya bei ghali hubuni kwa ustadi. Ya bei ya kutupa hubuni ovyo, ndiyo maana uso wa msomaji habari unaonekana kama umepakwa nta na maandishi ya chini yana ukungu. Mtu akikwambia tivi yake ndogo ya zamani ilikuwa na picha safi kuliko hii kubwa mpya, usimcheke. Kwa mawimbi hayo, huenda anasema kweli.

Atakayejibu kwamba yeye hutazama filamu za intaneti ana hoja, lakini naye apige hesabu. Netflix yenyewe hushauri kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kwa Full HD na 15 kwa 4K, na hiyo 4K huitoa kwa wanaolipia kifurushi chake cha juu pekee. Kwa saa moja, HD hula hadi gigabaiti 3 na 4K hula hadi 7. Filamu ya saa mbili ni gigabaiti 14. Kwa anayetumia bando la simu, hiyo filamu ina bei ya nyama choma. Kwa aliye na waifai ya ploti, inayogawanywa milango yote, jioni ya Jumamosi hiyo kasi ya 15 ataisikia kwenye matangazo.

Nikiwa hapo, kuna ujanja mmoja wa maboksi unaostahili kutajwa. Utaona tivi ya inchi 32, bei ya chini, imeandikwa 4K kwa herufi kubwa. Soma herufi ndogo. Maana yake ni kwamba ukiipa faili ya 4K itaifungua, kisha itaikamua hadi iingie kwenye vitone vyake 1366 kwa 768. HDR, yaani picha yenye mwanga na giza vilivyopambanuka zaidi, nayo ni hivyohivyo: tivi hafifu huipokea, ila kioo chake hakina mwanga wa kuionyesha. Uliza swali moja tu: kioo chenyewe kina vitone vingapi? Jibu likiwa refu, jibu ni hapana.

Majina je? Samsung, LG, Sony, Hisense, TCL, Skyworth, Vitron, Von, Syinix na mengine mengi yamejaa madukani. Watu hugombania majina haya kama timu za mpira, lakini wengi hawajui kwamba vioo vya LCD vya dunia nzima sasa hutoka kwenye viwanda vichache, vingi vikiwa vya China: BOE, CSOT ya kundi la TCL, HKC. Samsung ilijitoa kwenye utengenezaji wa vioo hivyo mwaka 2022. Hivyo tivi mbili zenye majina tofauti na bei tofauti zinaweza kuwa na kioo cha ukoo mmoja. Kinachotofautiana ni taa za nyuma ya kioo, bodi za ndani na, zaidi ya yote, kama ikiharibika kuna mahali Nairobi pa kuipeleka.

Hizo taa za nyuma ndizo ugonjwa wa kwanza wa tivi za bei nafuu. Dalili yake kila fundi wa mtaa anaijua: sauti ipo, picha hakuna, lakini ukimulika kioo kwa tochi unaona vivuli vikitembea. Huo ni ugonjwa unaotibika, mikanda ya taa hupatikana. Bodi nayo hubadilishwa. Kioo kikipasuka, hapo ni mazishi, kwa sababu bei ya kioo kipya hukaribia bei ya tivi mpya, na waranti hailipi mpasuko. Mwenye watoto wanaocheza mpira sebuleni na awe na hekima. Taa huishi zaidi zisipowashwa kwa nguvu zote, kwa hiyo siku ya kwanza ingia kwenye mipangilio utoe ile rangi kali ya dukani. Macho yatazoea kwa siku mbili, na ngozi za watu zitarudi kuwa ngozi.

Kuhusu tivi za intaneti, wengi hulipia zaidi sehemu inayozeeka mapema zaidi. Kioo kizuri kinaweza kudumu muongo mzima. Programu za tivi huanza kukwama baada ya miaka michache, hasa ikiwa kumbukumbu yake ni ndogo. Ikifika hapo, kijiti cha kuchomeka kwenye HDMI huifufua kwa gharama ndogo. Kwa hiyo kati ya kioo bora kisicho na intaneti na kioo duni chenye intaneti, chukua kioo. Ukichukua ya intaneti, hakikisha mfumo wake una jina linalojulikana: Google TV, webOS ya LG, Tizen ya Samsung, VIDAA ya Hisense. Jihadhari na zile zinazojiita Android bila idhini ya Google. Netflix huzinyima picha ya HD, na si hilo tu: mwezi Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kuhusu mtandao wa wadukuzi unaoitwa BADBOX 2.0, ulioteka vifaa vya aina hiyo, visanduku vya tivi vikiwemo, vingine vikiwa vimepandwa virusi kabla hata havijamfikia mnunuzi.

Mitumba ina watetezi wake, na mimi ni mmoja wao kwa masharti. Tivi za ex-UK huja na plagi ileile ya miguu mitatu tunayotumia Kenya, na stima ya Uingereza haitofautiani sana na yetu ya volti 240. Kuna siri moja ya kibandiko. Uingereza ndiyo ilikuwa ya kwanza kutumia DVB-T2, mwishoni mwa 2009, chini ya jina la Freeview HD. Ex-UK yenye maandishi hayo itashika vituo vya hapa. Yenye neno Freeview peke yake, bila HD, ni ya mfumo wa zamani na itataka king'amuzi. Ya Marekani iliyotumwa na shangazi ni balaa la heshima: nyingi zimetengenezewa volti 120, na mfumo wao wa kushika vituo hauelewani na wetu hata kidogo. Mshukuru shangazi, umwombe atume nauli ya Krismasi.

Mitumba au mpya, pitia kioo kikiwa cheupe kitupu, kisha cheusi, utafute vitone vilivyokufa na kona zenye wingu. Halafu simama upande, karibu na ukuta, uitazame kwa mshazari. Nyumba za Eastlands zina wageni; siku ya mechi kuna atakayekaa kitandani, atakayekaa kwenye ndoo na atakayesimama mlangoni. Agosti 2025, Harambee Stars walipoifunga Morocco bao moja kwa bila pale Kasarani wakiwa wachezaji kumi, kuna waliotazama kupitia madirisha ya majirani. Kioo ambacho rangi zake hufifia ukisogea kando kitawaudhi hao wote.

Stima ina mambo mawili. La kwanza ni bili. Tangu Aprili 2023, bei nafuu kabisa ya Kenya Power ni ya nyumba zinazotumia hadi uniti 30 kwa mwezi. Tivi ya inchi 43 inayokula wati 80, ikiwaka saa sita kila siku, hutumia uniti 14 na kitu. Ya inchi 55 inayokula wati 130 hutumia zaidi ya 23, na hapo hujawasha taa, hujachaji simu, hujapiga pasi. Kwa nyumba ndogo, hiyo tofauti ya inchi 12 inatosha kukuvusha hadi kundi la bei ya juu, na tokeni za mia mbili zitaanza kuisha upesi bila wewe kuelewa sababu.

La pili ni kishindo cha stima inaporudi. Tivi nyingi haziuawi na giza. Huuawa na ule mruko wa volti baada ya giza, wakati ploti nzima inashangilia. Kifaa cha kulinda tivi, ambacho watu hukiita tivi-gadi, hukata umeme ukizidi na kungoja kidogo kabla ya kuuruhusu tena. Kinauzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya tivi. Mtu anayeweza kuongeza elfu tano ili apate 4K kisha akakosa pesa za gadi amepanga vibaya, sina namna ya kulisema kwa upole.

Sauti nitaipita haraka, kwa sababu Eastlands suala hilo lilishajibiwa zamani na wufa. Angalia tu matundu ya nyuma. Tivi mpya nyingi zimeondoa yale ya duara, nyekundu na nyeupe, na wufa yako ya zamani inaweza kukosa pa kuchomekwa. Tundu la hedifoni au HDMI yenye alama ya ARC litakuokoa.

Kwenye malipo, lipa kwa nambari ya Till ya duka, kamwe si kwa simu ya kijana aliyekushika mkono barabarani. Risiti iwe na nambari ya tivi yenyewe, siyo jina la aina tu, na tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Uliza waranti ni ya nani: ya kampuni, yenye kituo cha matengenezo mjini, au ya duka, ambalo kesho linaweza kuwa linauza viatu. Katiba ya 2010, ibara ya 46, inakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inaikazia, lakini bila risiti utakuwa unasimulia hadithi. Boksi lihifadhi chini ya kitanda hadi waranti iishe. Ukilitupa jalalani usiku wa kwanza umetangazia mtaa mzima kilichoingia kwako. Na njiani, ndani ya matatu nambari 58 ya kwenda Buruburu au kwenye bodaboda, tivi isimame wima. Ikilazwa chali, shimo moja la barabara linatosha kuipasua.

Wakati huu, tivi ya inchi 32 huanzia kama shilingi 10,000, ya 43 yenye intaneti huzunguka kati ya 20,000 na 35,000 kutegemea jina, na ya 55 ya 4K huanzia 40,000 kwenda juu. Mwenye sebule na shilingi 40,000 mkononi nitamshauri aiache ile 55 ya jina lisilo na kituo cha matengenezo. Achukue 43 ya Full HD ya kampuni yenye ofisi Nairobi, yenye DVB-T2 ndani, anunue gadi na eriali nzuri ya nje, na masalio ayarudishe kwenye chama. Wa chumba kimoja achukue 32, na asimwonee haya jirani.